Kuacha kuhudumia toleo la zamani si kulifuta

Mstari mmoja kwenye orodha ya mabadiliko hutosha kuwasha moto: "Kuanzia toleo hili, mradi hauhudumii tena Python 3.8." Python ni lugha ya kuandikia programu; badala yake weka nyingine, PHP 7.4 au Java 8, au weka kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya C ya miaka kumi na mitano iliyopita. Maneno hubaki yaleyale, na malalamiko pia. Watu huandika kwamba wametupwa, kwamba programu iliyokuwa ikifanya kazi jana imevunjwa makusudi, kwamba watunzaji hawawajali wenye mashine za zamani.

Nimekaa pande zote mbili za malalamiko hayo. Natunza maktaba ndogo, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, ya kusoma faili za data, inayotumiwa na watu nisiowajua, na kwa miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye seva ambayo sikuwa na ruhusa ya kubadilisha chochote juu yake. Najua uchungu wa kusakinisha kitu na kuambiwa mashine yako haitoshi. Najua pia uchovu wa kurekebisha hitilafu inayotokea kwenye toleo ambalo hata waliolitengeneza wameliacha. Kwa niliyoyaona, sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na kitenzi kimoja tunachokitumia bila kukifafanua: kuhudumia.

Mradi unaposema unahudumia toleo fulani la lugha, haukuambii tu kwamba programu itafunguka ukiiendesha juu ya toleo hilo. Unakuahidi kwamba kila badiliko litajaribiwa huko kabla ya kutolewa. Unakuahidi kwamba hitilafu inayojitokeza huko pekee ni hitilafu ya mradi, siyo bahati yako mbaya. Na unajifunga wenyewe: hakuna atakayeruhusiwa kuandika mstari unaotegemea kitu ambacho toleo hilo halina. Ahadi hii ya mwisho mtumiaji haioni kabisa, na ndiyo iliyo ghali kuliko zote.

Kuacha kuhudumia, basi, ni kuondoa ahadi hizo kwa matoleo yajayo. Yaliyokwisha kutolewa hayaguswi. NumPy 1.16, toleo la maktaba ya hesabu ya Python lililotoka Januari 2019, ndiyo ya mwisho katika mradi huo kukubali Python 2.7, na hadi leo ipo mahali pake kwenye PyPI, hazina ya umma ya vifurushi vya Python. Mwenye Python 2.7 anaweza kuisakinisha asubuhi hii na itafanya hesabu zake kama ilivyozifanya siku ilipotoka. Asichoweza kupata ni NumPy ya mwaka huu juu ya Python ya mwaka 2010. Hilo ni ombi la aina nyingine kabisa, na inafaa tulione lilivyo: ni kuomba kazi mpya ifanywe juu ya msingi wa zamani.

Kalenda tatu

Kinachowachanganya wengi ni kwamba toleo moja la lugha huishi chini ya kalenda tatu kwa wakati mmoja.

Kalenda ya kwanza ni ya waundaji wa lugha yenyewe. Tangu toleo la 3.9 la Oktoba 2020, Python imeshika desturi ya kutoa toleo jipya kila mwaka mwezi Oktoba, na kila toleo hupewa takribani miaka mitano. Mwanzoni hitilafu za kila aina hurekebishwa. Baadaye huzibwa mianya ya usalama tu. Kisha pazia hushuka. Python 3.8, ya Oktoba 2019, ilifungwa Oktoba 2024. Ruby hutoa toleo lake kila tarehe 25 Desemba. Java ina mwendo wake: toleo jipya kila miezi sita, lakini ni machache tu, kama 8, 11, 17 na 21, ambayo huteuliwa kutunzwa kwa miaka mingi, na ndiyo maana mazungumzo ya watu wa Java huruka kutoka namba hadi namba utadhani zile za katikati hazikuwahi kuwepo.

Kalenda ya pili ni ya wauzaji wa mifumo endeshi. Red Hat Enterprise Linux 8 ilitoka Mei 2019 ikiwa na Python 3.6 tumboni, na huduma yake imepangwa kufika mwaka 2029. Waundaji wa Python waliifunga 3.6 Desemba 2021. Katikati hapo pana zaidi ya miaka saba ambayo kampuni inalipwa ili iendelee kutia viraka vya usalama kwenye kitu ambacho chimbuko lake limekauka. Kwa mteja wa kampuni hiyo, Python 3.6 haijafa, na wala hakosei kusema hivyo.

Kalenda ya tatu ni ya mradi, na ndiyo pekee iliyo mikononi mwa mtunzaji.

Ugomvi huzuka pale mtumiaji anaposoma kalenda ya pili na mtunzaji anaposoma ya kwanza. Kila mmoja anayo tarehe sahihi mkononi, kila mmoja anamwona mwenzake mkaidi. Msimamo wangu hapa hauyumbi: anayemlipa muuzaji kwa ajili ya huduma ya miaka kumi apeleke madai yake kwa muuzaji huyo. Fedha ile haimfikii mtu wa kujitolea anayetunza maktaba usiku baada ya kazi, na mkataba ule haukumtaja. Tena muuzaji huyohuyo kwa kawaida hutunza matoleo ya zamani ya maktaba nyingi ndani ya mfumo wake, yakiwa yametiwa viraka. Mteja anayeyaruka na kwenda kuchota toleo jipya kabisa kutoka hazina ya umma ameshatoka mwenyewe nje ya kile alichokilipia.

Mzigo wenyewe uko wapi

Ukiuliza kwa nini mradi hauwezi tu kuendelea kulibeba toleo la zamani, jibu la haraka huwa ni majaribio. Hesabu yake ni rahisi. Mradi unaohudumia matoleo matano ya lugha kwenye mifumo endeshi mitatu una michanganyiko 15. Ukitaka kujaribu kila mmoja na vitegemezi, yaani maktaba nyingine ambazo mradi unazitegemea, vya zamani na vipya, inakuwa 30, kwa kila badiliko, hata la kusahihisha herufi moja. Kuondoa toleo moja kunapunguza michanganyiko sita. Ni nafuu, lakini kompyuta ndizo zinazoubeba mzigo huo, na kompyuta hazichoki. Uzito wa kweli uko kwingine.

Uko kwanza kwenye sintaksia, yaani kanuni za namna lugha inavyoandikwa. Watu wengi hudhani kitu kipya kinaweza kuzungushiwa sharti: kama toleo ni jipya tumia hiki, kama ni la zamani tumia kile. Kwa funksheni na maktaba, ndivyo. Python 3.11 ilipoleta moduli ya kusoma faili za mipangilio za TOML, miradi iliandika mistari minne mitano ya sharti: kwenye 3.11 na kuendelea chukua iliyomo ndani ya lugha, huko nyuma chukua kifurushi cha nje kiitwacho tomli. Inapendeza kidogo tu, lakini inafanya kazi. Kwa sintaksia mlango huo umefungwa. Kauli ya match iliingia Python 3.10. Faili lenye kauli hiyo halifunguki kabisa kwenye 3.9, hata kama match yenyewe imewekwa ndani ya sharti ambalo kamwe halitatimia, kwa sababu lugha husoma na kuelewa faili zima kabla haijaendesha mstari wa kwanza. Sharti halipati hata nafasi ya kuulizwa. Matokeo yake ni kwamba toleo la zamani kuliko yote unayohudumia ndilo linaloamua lugha unayoandika. Unaweza kuwa na toleo jipya kabisa kwenye kompyuta yako, lakini kalamu yako ni ya miaka mitano iliyopita.

Uko pia kwenye mnyororo wa vitegemezi. Maktaba yangu inategemea nyingine, nayo inategemea nyingine. Ile ya chini ikiacha toleo la zamani, mimi ninayeng'ang'ania kulihudumia lazima nikubali matoleo yake mawili kwa pamoja: la zamani kwa wenye lugha ya zamani, jipya kwa wengine. Na matoleo hayo hayafanani. Jina la funksheni limebadilika, mpangilio wa majibu umebadilika, hitilafu iliyorekebishwa kwenye moja bado ipo kwenye lingine. Najikuta natunza maktaba mbili ndani ya moja.

Uko kwa wanaokuja kusaidia. Apple ilipoanza kuuza kompyuta zenye chipu ya M1 mwishoni mwa 2020, toleo la kwanza la Python lililotolewa rasmi likiwa tayari kwa chipu hiyo lilikuwa 3.9.1, na baadaye 3.8.10. Matoleo ya nyuma ya hapo hayakupata kisakinishi rasmi cha chipu hiyo. Mchangiaji mwenye mashine ya aina hiyo anayetaka kurekebisha hitilafu inayotokea kwenye 3.7 pekee atatumia jioni nzima kutafuta namna ya kulipata toleo lenyewe kabla hajaugusa msimbo. Wengi hawafiki huko. Hufunga dirisha na kwenda zao, na mtunzaji hajui hata kwamba walikuja.

Halafu kuna jambo linalosahaulika kwa sababu halionekani kama gharama: lugha ya zamani huendelea kuruhusu makosa ambayo lugha mpya imekwisha kuyazuia. Mfano ninaoupenda ni wa kiini cha Linux. Kwa miongo kadhaa kiini hicho kiliandikwa kwa kufuata kiwango cha C cha mwaka 1989. Kiwango hicho hakiruhusu kutangaza kigezo, yaani jina linaloshika thamani, kwenye mstari wenyewe unaofungua kitanzi cha for. Lazima kitangazwe kabla, na kwa hiyo kinabaki hai baada ya kitanzi kwisha. Mtu anayepitia orodha ya vitu, akifika mwisho bila kupata anachotafuta, anabaki na kigezo kinachoelekeza mahali ambapo hapana kitu halisi cha orodha, na hakuna kinachomzuia kukitumia. Mapema 2022, wakati wa kujadili viraka vya usalama vilivyogusa namna orodha zinavyopitiwa, ilidhihirika kwamba kosa la aina hiyo lingeweza kuzuiwa na lugha yenyewe, laiti lugha ingekuwa ya karibuni zaidi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakubali hatua hiyo, na Linux 5.18 ya Mei 2022 ikahamia kiwango cha mwaka 2011.

Angalia lakini kilichoiwezesha hatua hiyo. Miezi michache kabla, katika Linux 5.15, kiwango cha chini cha kompaila ya GCC kilikuwa kimepandishwa hadi 5.1, na GCC ya umri huo inaielewa C ya 2011 bila shida. Mlango ulifunguliwa na uamuzi wa awali wa kuacha kompaila za zamani, uamuzi ambao siku ulipopita huenda ulionekana kuwa wa usafi tu.

Sisemi kila mradi ukimbie. curl, programu ya kuhamisha data kwenye mtandao, hadi sasa imeandikwa kwa C ya 1989, na naona wako sahihi. Programu ile imo ndani ya simu, televisheni, magari, ruta na mitambo ambayo hakuna anayejua kompaila yake ilitoka wapi. Kuenea kwake ndiyo thamani yake, na wanaoiandika wameamua kuilipia kwa kubaki na kalamu ya zamani. Kinachoniridhisha ni kwamba uamuzi huo umefanywa kwa macho wazi. Miradi mingi inayobeba matoleo ya zamani haikuamua chochote. Hakuna tu aliyewahi kuuliza.

Ni lini

Hapa miradi imejaribu njia mbalimbali. Iliyo rahisi kuliko zote ni kufuata waundaji wa lugha: wakilifunga toleo, nawe unaliacha katika toleo lako linalofuata. Hakuna mjadala, hakuna kura, tarehe inajulikana miaka mitano mapema.

Ulimwengu wa hesabu za kisayansi uliona miaka mitano ni mingi. NumPy na wenzake walikubaliana mwaka 2019 kuhudumia matoleo ya Python yaliyotoka ndani ya miezi 42 iliyopita. Baadaye makubaliano mapana ya miradi ya sayansi yakaishusha hadi miaka mitatu. Watumiaji wao wengi ni watafiti wanaosakinisha mazingira yao wenyewe na wanaoweza kuyabadilisha, kwa hiyo kasi hiyo haiwaumizi sana. Uzuri wa sera ya namna hii hauko kwenye namba 42 au 36. Uko kwenye kuondoa nafsi katika uamuzi. Mtumiaji haambiwi "nimechoka na toleo lako". Anaambiwa tarehe iliyoandikwa kabla hajaja.

Kwa maktaba zilizo chini kabisa ya mnyororo, zile ambazo maelfu ya miradi huzitegemea, subira zaidi inastahili. Python 2 ilifungwa tarehe 1 Januari 2020. pip, kisakinishi chenyewe, kiliendelea kuihudumia mwaka mzima zaidi, hadi toleo la 21.0 la Januari 2021. Requests, maktaba ya kuzungumza na seva za wavuti ambayo karibu kila mwandishi wa Python ameigusa, iliibeba Python 2.7 hadi Juni 2022. Programu iliyo juu ya mnyororo, inayosafirishwa pamoja na injini yake ya lugha ndani ya kifurushi kimoja, haina sababu ya kusubiri hata siku moja: mtumiaji wake hajui wala hahitaji kujua imeandikwa kwa lugha gani.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyoandikwa kwa PHP, ni habari ya pekee, kwa sababu watumiaji wake wengi si waandishi wa programu. Kwa miaka karibu minane, kuanzia 2011, ilikubali PHP 5.2.4 na kuendelea, ilhali tawi la PHP 5.2 lilikwisha kufungwa mwaka huohuo wa 2011. Mwenye tovuti ya WordPress mara nyingi amekodi nafasi kwenye seva ya mtu mwingine na hajawahi kulisikia neno PHP. Ungemwambia nini? Katika toleo la 5.1, Februari 2019, walianza kumwonyesha msimamizi wa tovuti taarifa kwamba PHP yake imepitwa na wakati, pamoja na maelezo ya nini amwombe mwenye seva. Miezi mitatu baadaye toleo la 5.2 likadai PHP 5.6.20 au zaidi, na tovuti zisizofikia hapo hazikuvunjika. Zilibaki kwenye 5.1. Mtu anaweza kulalamika kwamba hata PHP 5.6 yenyewe ilikuwa imefungwa tangu mwisho wa 2018. Mimi naheshimu mpangilio wao: kwanza mweleze anayehusika kwa lugha anayoielewa, mpe njia ya kutoka, kisha ndipo ufunge mlango.

Wapo wanaotaka kuamua kwa takwimu za upakuaji, na PyPI huziweka wazi zikionyesha kila kifurushi kimepakuliwa na toleo gani la Python. Nazitazama, ila kwa tahadhari kubwa. Sehemu kubwa ya upakuaji hufanywa na mashine za majaribio zinazosakinisha kila kitu upya kila zinapoamshwa, kwa hiyo seva moja iliyosahaulika huweza kuonekana kama umati. Upande wa pili, kampuni yenye hazina yake ya ndani hupakua mara moja na kusambaza kwa wafanyakazi wake wote, na kwenye takwimu ni mtu mmoja. Zaidi ya yote, anayetumia toleo la zamani la lugha kwa kawaida hatumii toleo lako jipya hata sasa. Ameganda mahali fulani nyuma, na uamuzi wako hautamfikia.

Mstari unaolinda watu

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kama msomaji ni mtunzaji wa maktaba, naomba alisome polepole.

Vifurushi vya Python hubeba metadata, yaani maelezo kuhusu kifurushi chenyewe, yenye sehemu iitwayo requires-python, inayotaja matoleo ya lugha ambayo kifurushi kinakubali. Tangu pip 9, ya Novemba 2016, kisakinishi husoma sehemu hiyo na kuruka matoleo yasiyokifaa. Mwenye Python ya zamani akiomba maktaba, anapewa toleo la mwisho linalomfaa, kimyakimya, na kazi yake inaendelea. Kabla ya hapo alipewa jipya kabisa likamvunjikia. Ndiyo maana IPython 6, toleo la zana ya kuendeshea Python mstari kwa mstari, iliweza kuiacha Python 2 mwezi Aprili 2017, miaka karibu mitatu kabla ya mwisho rasmi, huku wenye Python 2 wakiendelea kupata IPython 5 iliyowekwa kuwa tawi la kutunzwa kwa muda mrefu. Lugha ya Rust ina kitu cha aina hiyohiyo, rust-version, tangu toleo la 1.56 la Oktoba 2021.

Mstari huo mmoja ndio unaoigeuza habari nzima kutoka kuvunja hadi kuacha. Na una mtego.

Miaka kadhaa iliyopita nilitoa toleo jipya la maktaba yangu nikiwa nimeondoa msimbo wote uliohudumia Python ya zamani, lakini mstari wa requires-python nikausahau. Ripoti zikaanza kuingia: programu inakataa kufunguka. Nikaona kosa langu, nikaongeza mstari, nikatoa toleo la pili. Ripoti zikaendelea. Ilinichukua muda kuelewa. Kisakinishi kwenye mashine ya zamani kilikuwa kinaliangalia toleo la pili, kinasoma kwamba halikifai, kinarudi nyuma hatua moja na kulikuta la kwanza, lile bovu, ambalo kwa mujibu wa metadata yake linakubali kila Python duniani. Ningeweza kutoa matoleo sahihi mia, na mashine za zamani zingeendelea kurudi kwenye lile moja. Dawa ilikuwa kulitia lile bovu alama ya kuondolewa kwenye PyPI. Toleo lenye alama hiyo halifutwi; anayelitaja kwa namba yake kamili bado analipata, kwa wengine wote kisakinishi hulirukia mbali. Watu waliopoteza siku yao kwa sababu yangu walikuwa na haki ya kukasirika, na hakuna hata mmoja wao aliyekasirikia kuachwa kwa toleo la zamani. Walikasirikia kutoonywa.

Mtego huohuo hufanya kazi kinyume. Wapo wanaoweka dari, wakisema kifurushi kinakubali Python chini ya 3.12 tu, kwa kuwa hawajajaribu zaidi. Mwenye 3.12 hapewi maelezo. Kisakinishi humrudisha nyuma hadi toleo la kale lisilo na dari, na anaishia na kitu kibovu zaidi kuliko ambacho angepata bila dari. Sakafu, yaani toleo la chini kabisa unalokubali, iandike daima. Dari iache, isipokuwa unajua kwa hakika kwamba kitu kitavunjika.

Kwa sababu hiyo napendelea kazi igawanywe. Badiliko la kwanza liguse metadata, majaribio na maelezo ya mradi peke yake. Libaki hivyo kwa toleo moja, msimbo wa zamani ukiwa bado upo. Kama kuna kilio kikubwa ambacho hukukitarajia, kurudisha ni kazi ya dakika tano. Usafishaji wa msimbo uje baadaye, nao ufanywe peke yake bila kuchanganywa na vipengele vipya. Zana kama pyupgrade na Ruff hubadilisha miundo ya zamani kuwa mipya zenyewe, na anayekagua badiliko la mistari elfu mbili lililofanywa na zana hapaswi kuwinda humo mistari kumi iliyoandikwa na mtu.

Je, namba kuu ya toleo, ile ya kwanza kama 2 katika 2.28, ipande? Mjadala huu haujawahi kwisha. Upande mmoja unasema mtu aliyekuwa anaweza kusakinisha sasa hawezi, kwa hiyo ni badiliko la kuvunja. Upande mwingine unasema kiolesura cha maktaba hakijabadilika hata herufi, na kisakinishi kinamlinda asiyefaa. NumPy ilitoka 1.16 kwenda 1.17, Requests kutoka 2.27 kwenda 2.28, zote kwa namba ndogo. Mimi niko na kundi hili la pili, kwa sharti kwamba lugha husika ina kisakinishi kinachosoma sakafu. Pasipo na ulinzi huo, pandisha namba kuu.

Kwa pamoja

Python 2 ilitufundisha pia kwamba mradi ukitoka peke yake hubeba lawama peke yake. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikibadilisha mambo ya msingi: maandishi yakawa Unicode, mfumo wa kuwakilisha herufi za lugha zote, na 5 kugawanywa kwa 2 ikawa 2.5 badala ya 2. Mwisho wa Python 2 ulipangwa kuwa 2015, kisha mwaka 2014 ukasogezwa hadi 2020 kwa sababu watu hawakuwa tayari. Kwa miaka mingi kila mmoja alimsubiri mwenzake: maktaba hazikuhama kwa kuwa watumiaji hawajahama, watumiaji hawakuhama kwa kuwa maktaba hazijahama. Fundo lilianza kulegea miradi mingi ya sayansi ya data ilipotia saini ahadi ya pamoja kwamba ifikapo 2020 itakuwa imeiacha Python 2. Django, mfumo wa kujengea tovuti, ilitangulia: 1.11 ya Aprili 2017 ndiyo ya mwisho kuikubali, ikatunzwa hadi Aprili 2020, na Django 2.0 ya Desemba 2017 ikawa ya Python 3 pekee. Tangu Januari 2019 pip ilikuwa inamtangazia kila anayeiendesha juu ya 2.7 tarehe ya mwisho. Mbiu ya mgambo ililia mwaka mzima, na ilipofika 2020 hakuna mradi mmoja uliosimama peke yake kama mkosaji.

Tofauti na siku zile, hatua za sasa ni fupi. Kutoka toleo moja la Python 3 kwenda linalofuata, programu nyingi hazihitaji kubadilishwa chochote. Kinachouma ni kukaa miaka sita kisha kutaka kuruka hatua sita kwa mkupuo, kwa sababu kila toleo huondoa vitu vichache vilivyotangazwa mapema, na vichache mara sita ni vingi.

Ukikutana na tangazo hilo ukiwa mtumiaji, anza kwa kuangalia kama limekugusa kweli. Endesha kisakinishi, huenda kimekwisha kukupa toleo la mwisho linalokufaa na hukujua. Kama limekugusa na unaweza kupandisha lugha, panda hatua moja kwa wakati, ukiwa umewasha maonyo yote, kwa kuwa maonyo ya toleo unalotoka ndiyo orodha ya vitakavyokosekana kwenye lile unalokwenda. Kama huwezi, kwa sababu seva si yako au mtambo umefungwa na aliyeutengeneza, funga namba kamili za vitegemezi vyako vyote kwenye faili, weka nakala za vifurushi hivyo mahali unapopamiliki, na juu ya faili hilo andika kwa nini zimefungwa, nani anaweza kuzifungua, na tarehe ambayo utarudi kumuuliza.